Bibi anasema tunauza mtaa: Kariakoo ya kuishi watu ilikuwaje?

Swali lililonifikia nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mzee wangu. Mi nimezaliwa Mbezi, Kariakoo naijua ya kwenda kununua nguo na kukanyagana tu. Tuna nyumba ya marehemu baba yake bibi pale Kariakoo, vyumba sita, bati limechoka. Kuna mtu kaja anataka kuvunja ajenge ghorofa, wadogo zake bibi wameshakubali, bibi peke yake ndo hataki, anasema tunauza mtaa sio nyumba. Mi simuelewi. Hivi kweli Kariakoo palikuwa pa kuishi watu? Jina lenyewe limetoka wapi, kwanini mitaa imenyooka vile, na hao watu walienda wapi?"

Marahaba mwanangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na lile neno la bibi ndo limenishika. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kupima na kuchora nyumba za zamani za mji huu kabla hazijavunjwa, kwahiyo uani kwa watu Kariakoo nimeingia sana na futi yangu mkononi, na nakwambia kabisa bibi yako yuko sahihi. Kariakoo ilipimwa na kukatwa viwanja ili watu wakae. Maduka unayoyaona leo yamewakuta watu mle, yakaanzia barazani, yakaingia vyumba vya mbele, yakamaliza nyumba nzima. Nitakueleza kwa mpangilio wangu mwenyewe maana maswali yako yameshikana, ukivuta moja yanakuja yote.

Tuanze na ardhi. Mji wa Dar es Salaam aliuanzisha Sultani Majid wa Zanzibar miaka ya 1860, akafa 1870 kabla haujakamilika, ukabaki umelala mpaka Wajerumani walipohamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Mwaka huohuo wakatoa kanuni za ujenzi, upande wa bahari zijengwe nyumba za mawe za Kizungu tu, nyumba za miti na makuti zikae nyuma huko. Ukisoma kanuni unaona zinataja aina ya nyumba, lakini nani alikuwa na hela ya kujenga ya mawe? Basi watu wakasukumwa taratibu kuelekea magharibi. Hapo unapopaita Kariakoo palikuwa shamba la minazi la Mjerumani mmoja aliyeitwa Schoeller, na serikali ikalinunua muda mfupi kabla ya vita ya 1914 ili Waafrika wahamishiwe huko. Wapima wakapita, wakavuta kamba, wakakata mitaa iliyonyooka na katikati wakaacha nafasi ya soko. Ndo maana imenyooka, yaani ilichorwa kwenye karatasi kwanza ndo watu wakaja, tofauti na Manzese au Buguruni ambako nyumba zilitangulia na njia zikatafuta pa kupita.

Sasa jina. Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza Wajerumani walikuwa wameshajenga jengo la soko pale katikati ila halijaanza kazi. Waingereza walivoiteka Dar Septemba 1916 wakalikuta, wakaweka humo watu wao wa kikosi cha wabeba mizigo kilichoitwa Carrier Corps. Waswahili wakasema kama walivosikia, karia koo, na jina likaganda kwenye eneo zima. Nairobi nako wana Kariokor yao, imetoka hukohuko, maana kikosi kilikuwa na kambi kule pia.

Hapa naomba nikae kidogo, kwasababu watu wengi wakishajua jina limetoka wapi wanaishia hapo, wanaona ni kitu cha kuchekesha tu, kumbe nyuma yake kuna watu. Vita ile huku kwetu ilipiganwa porini, barabara hakuna, na mbung'o wanaua farasi na punda na ng'ombe, kwahiyo kila risasi, kila gunia la unga, kila hema lilibebwa kichwani na mtu. Walikusanywa kutoka kila kona, wengine kwa hiari na wengi kwa kukamatwa vijijini, wakatembezwa mamia ya maili na chakula kidogo wasichokizoea, na waliokufa ni makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na malaria na baridi kuliko kwa risasi. Makaburi yao hayajulikani yalipo. Kwenye sanamu ya Askari pale mjini, iliyowekwa 1927, maandishi yanawataja wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, ila aliyesimama juu ni askari mwenye bunduki na singe. Mbeba mizigo hana sanamu Dar es Salaam. Mi naona jina la Kariakoo ndo kumbukumbu yao pekee kubwa katika mji huu, na kila mama anayepanda daladala na mzigo akasema nashukia Kariakoo anawataja bila kujua.

Na sio jina hilo tu. Angalia majina ya mitaa: Narung'ombe, Mahiwa, Tandamti. Watu wanayatamka kila siku wakitafuta vitenge na mabegi. Narung'ombe ni sehemu iko bara ya Kilwa, palipiganwa vita kali Julai 1917. Tandamti, au Tandamuti, ni kilima bara ya Lindi, walipigana Agosti mwaka huohuo. Mahiwa ni hukohuko Lindi, Oktoba 1917, siku nne mfululizo, moja ya mapigano yaliyomwaga damu nyingi kuliko yote katika vita ile upande wetu wa Afrika. Majina matatu ya mapigano ya mwaka mmoja yamekaa ndani ya eneo moja dogo linaloitwa kwa jina la wabeba mizigo wa vita hiyohiyo, mi siwezi kuamini ni bahati tu. Afu kuna majina ya aina nyingine, kuna ya makabila na nchi walikotoka watu, Nyamwezi, Sukuma, Gogo, Somali, Kongo, Pemba, Mafia, na kuna Aggrey, yule mwalimu mkubwa kutoka Gold Coast, Ghana ya leo, aliyepita huku 1924. Mtaa wa Aggrey leo ukiutaja mtu anawaza simu.

Waingereza walipokaa vizuri wakaendeleza kazi ya Mjerumani kwa nguvu zaidi. Mji ukagawanywa kanda tatu, watu wakaziita wenyewe Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Kariakoo ndo ikawa moyo wa Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo wakasafisha nyumba miaka ya 1920 na 1930 wakaacha uwanja mtupu, sababu waliyotoa ni afya, eti magonjwa yasivuke. Uwanja wenyewe ni Mnazi Mmoja. Ule ulikuwa ukuta usio na matofali. Watu wa Kariakoo wakaugeuza kuwa sebule yao, Idd wanasherehekea pale, mpira wanacheza pale, na baadae mikutano ya kudai uhuru ikafanyika palepale.

Haya, nyumba. Hapa nakuomba usome taratibu kwasababu bibi anachokililia kiko hapa.

Ile nyumba yenu ya vyumba sita kitaalamu ni aina yake kabisa, tunaiita nyumba ya Kiswahili, na ukiijua moja umezijua zote. Mbele kuna baraza, jukwaa la udongo zamani, baadae saruji, mara nyingi limepakwa rangi nyekundu na limeng'aa kwa kukaliwa. Katikati mlango. Ukiingia unakuta ukumbi mrefu mwembamba, vyumba vitatu kushoto vitatu kulia, milango inatazamana, na mwisho wa ukumbi kuna mlango mwingine unaotokea uani. Uani ndo kuna jiko, bafu, choo, kisima au bomba, kamba za nguo, na mara nyingi mti mmoja, mwembe au mpera. Zamani kuta zilikuwa miti na udongo na paa la makuti, baadae yakaja madebe yaliyonyooshwa, afu mabati, afu matofali ya saruji, ila ramani haikubadilika. Nyumba moja niliyoipima, bati lake lilikuwa limetobokatoboka mpaka mwanga wa jua unaingia ukumbini kama shilingi zimemwagwa sakafuni, na kwenye kizingiti cha mlango wa uani saruji ilikuwa imelika katikati, imekuwa kama sahani, kwa nyayo za watu tu kupita miaka na miaka. Niliweka kidole pale nikapima shimo, sentimita tatu na nusu.

Sasa fikiria nani anakaa humo. Mwenye nyumba anachukua chumba kimoja au viwili vya mbele, vingine anapangisha kimojakimoja, na mpangaji ni yeyote, Mzaramo, Mmanyema kutoka Kongo, Mnyamwezi, Mrufiji, Mngazija. Wote bafu moja, jiko moja, ua mmoja. Uani ni kwa wanawake, wanasuka ukili, wanapika, wanalea watoto wa wenzao. Barazani ni kwa wanaume, bao, kahawa na kashata, na habari zote za mji. Mgeni akija kutoka bara hana ndugu, akapata chumba, ndani ya mwaka mmoja ana shangazi na ana wajomba ambao hana damu nao. Na wenye nyumba wengi walikuwa wanawake, hili watu hawalijui, mama akiachwa au akifiwa, akiuza vitumbua na pombe na kukusanya, alikuwa anaweza kujenga chumba kwa chumba mpaka nyumba imekamilika na hakuna wa kumfukuza. Kodi ya vyumba vinne ilimtunza mpaka uzeeni.

Kwahiyo bibi akisema mtaa hamaanishi barabara. Anamaanisha baraza na ua.

Na hapohapo barazani ndo siasa ilipozaliwa. Mwaka 1929 ilianzishwa African Association, chama cha Waafrika, mmoja wa waanzilishi alikuwa Kleist Sykes, na nikwambie asili yake ili uone Kariakoo ilikuwa mahali pa namna gani: baba yake alikuwa Mzulu, Sykes Mbuwane, aliletwa na Wajerumani kutoka Msumbiji kama askari wao. Mtoto wa Mzulu akawa mtu wa Kariakoo kama wengine wote na leo kuna mtaa mle una jina lake. Chama kikajenga ofisi yake kwa kujitolea mtaa wa New Street, ambao sasa unaitwa Lumumba. Mtoto wa Kleist, Abdulwahid, miaka ya 1950 alikuwa mkuu wa soko la Kariakoo, kwahiyo watu wote wa sokoni, wauza samaki, wauza viazi, mawakala, aliwajua kwa majina, na Mwalimu Nyerere alipoanza harakati, akiwa bado anafundisha Pugu, akishuka mjini alipokelewa na watu hawa, kwenye nyumba hizihizi. Tarehe 7 Julai 1954 TANU, chama kilichodai uhuru, ikazaliwa palepale New Street. Ndo Saba Saba yetu.

Afu mwaka 1955 walivotafuta mtu wa kuongoza kina mama akapatikana Bibi Titi Mohamed. Bibi Titi alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma, na kina mama wa mji walikuwa wamejipanga tayari kwenye vikundi vya ngoma na lelemama, vyenye viongozi wao, michango yao na sare zao. Alichofanya ni kuvifuata vikundi hivo kimoja baada ya kingine, uani kwa uani, na kwa muda mfupi maelfu ya wanawake wakachukua kadi. Mkoloni alikuwa anaangalia barazani, anaandika majina ya wanaume wanaokutana, kumbe uani kuna jeshi zima. Mi nikipima ua wa nyumba ya zamani huwa nawaza hilo, nauliza humu waliingia wangapi wakiwa wamekaa kwenye mkeka, na jibu langu ni kama thelathini.

Mpira nao usiusahau. Yanga ilianza 1935, mwaka uliofuata 1936 wengine wakajitenga ikazaliwa timu ambayo baadae ikaitwa Sunderland na toka 1971 ni Simba. Simba makao yake mtaa wa Msimbazi, Yanga Jangwani, unatembea kwa mguu kutoka huku mpaka kule kabla chai haijapoa. Tunapowaita wana Msimbazi na watoto wa Jangwani tunataja majirani. Nyumba moja ilikuwa na chumba cha Yanga na chumba cha Simba wanatazamana ukumbini, na siku ya mechi mama mwenye nyumba anakataza redio ya uani.

Na muziki, maana ngoma za beni na taarabu na dansi zote zilikuwa na watu wake mle, ukumbi wa Arnautoglo pale Mnazi Mmoja, na baadae ukumbi wa DDC Kariakoo. Hili ni somo refu, nalipita.

Sasa swali lako gumu, watu walienda wapi.

Kwanza elewa kwamba wakoloni walichowapa Waafrika Kariakoo haikuwa ardhi ya kudumu, ilikuwa kiwanja cha kulipia kodi, hati za muda mfupi, nyumba zenyewe zikihesabiwa ni za muda, ndo maana hawakuruhusiwa kirahisi kujenga za kudumu na benki haikuwakopesha. Wafanyabiashara wa Kihindi na Waarabu wa Kishihiri, wale wenye asili ya Yemen, walianza kuingia mapema wakafungua maduka mitaa mikubwa na soko lilivokua wakajenga za matofali, baadhi za ghorofa. Waingereza nao walivoona Kariakoo imejaa, miaka ya 1940 na 1950 wakapima Magomeni, Temeke na Kinondoni, baada ya Ilala iliyotangulia. Kwahiyo watoto wa Kariakoo wakioa walihamia huko, Nyerere mwenyewe akajenga Magomeni. Mpaka hapo ni kukua tu kwa mji, mtu amehama ila Ijumaa anarudi kusali Kariakoo, msiba ukitokea anarudi, nyumba ya mzee ipo.

Baada ya uhuru soko jipya likajengwa, lile lenye paa kama miavuli mikubwa ya zege, alilichora Beda Amuli, msanifu Mtanzania, mmoja wa wasanifu wa mwanzo Waafrika katika Afrika Mashariki nzima, likafunguliwa 1975. Mi nalipenda sana jengo lile. Alichimba akaweka soko la jumla chini, watu wanaita Shimoni, malori yanashuka, juu kuna upepo na kivuli bila feni hata moja. Liliungua Julai 2021 na niliumia kama nyumba yetu imeungua.

Ila kilichoitoa Kariakoo kwenye makazi kilianza katikati ya miaka ya 1980. Serikali ikalegeza biashara ya nje kuanzia 1984, mwaka uliofuata akaja Rais Mwinyi, watu wanamkumbuka kwa jina la Mzee Ruksa, na bidhaa zikaanza kumiminika. Zinataka pa kuuzia. Wapi? Sehemu ambayo kila mtu anaifahamu, mabasi yote yanafika, soko lipo, na mitaa imenyooka, kila nyumba ina mbele inayotazama barabara. Unaona? Ile ramani ya Mjerumani ya kuwapanga watu kwenye mistari ili awasimamie vizuri ndo ramani bora kabisa ya maduka. Uswahilini kwingine nyumba iko ndani ndani huwezi kuuza kitu, Kariakoo kila baraza ni duka linalosubiri. Mtu akapanga chumba cha mbele akatoboa dirisha akaweka mlango wa chuma. Kodi ya fremu moja ikazidi kodi ya vyumba vyote sita. Mpangaji wa kulala akaambiwa atafute pengine, na hapo ndo wapangaji walipoondoka, kimyakimya, chumba kwa chumba, hakuna tarehe ya kuandika.

Wenye nyumba wao waliondoka kwa njia nyingine, na hii inawahusu nyinyi moja kwa moja: mirathi. Mzee aliyejenga miaka ya 1940 ana watoto saba, wajukuu thelathini. Vyumba ni sita. Huwezi kugawa chumba kwa watu watano, hela unaweza. Kila nikienda kupima nyumba inayokaribia kuvunjwa nakuta hadithi ni hiihii, wala ndugu hawachukiani, ni hesabu tu zimewashinda. Anakuja mtu mwenye hela, ama ananunua moja kwa moja, ama mnaingia ubia, nyinyi mnatoa kiwanja yeye anajenga, mnagawana fremu na sakafu kwa miaka mliyoandikishana. Ndugu wakapokea wakaenda kujenga Mbagala, Chanika, Kigamboni, Mbezi huko kwenu. Jibu la swali lako ni hilo. Watu wa Kariakoo wako kwenye hizo nyumba zenye ukuta na geti, kila mmoja na jiko lake.

Na zile ghorofa, baadhi zimejengwa vizuri na baadhi hazijajengwa vizuri. Kiwanja cha nyumba ya vyumba sita ni kidogo, kilipimwa kibebe udongo na makuti, ukiweka ghorofa kumi ukachimba na chini, na jirani naye kachimba, ukuta kwa ukuta, unacheza na maisha. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo asubuhi watu wakiwa madukani, wakafa zaidi ya 20, na taarifa za siku zile zilisema kulikuwa na kazi ya kupanua sehemu ya chini. Nilikuwa nimepita mtaa ule wiki chache kabla. Sina la kuongeza hapo isipokuwa kwamba nyumba ya Kiswahili ikianguka, na zimeanguka nyingi kwenye mvua za masika, huwa inainama kwanza siku kadhaa, watu wanatoa vyombo.

Sasa nyumba yenu. Mimi sitakwambia msiuze, sina haki hiyo, najua bati linavuja na najua wadogo zake bibi nao wana watoto wa kusomesha. Ila kuna mambo ningetaka myajue kabla ya kusaini.

La kwanza, nani hasa ana mamlaka ya kusaini. Kama nyumba bado ina jina la marehemu, lazima kuwe na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na wadogo zake bibi kukubali barazani hakutoshi. Bibi ni mrithi kama wao, na kukataa kwake kunahesabika. Nimeona nyumba zimekwama nusu, imevunjwa na haijajengwa, kwasababu ndugu mmoja alirukwa. Angalieni na hati ina miaka mingapi imebaki, maana hati zetu zina mwisho, na mtu anayejua imekaribia kuisha atawapa bei ya kuwaharakisha.

Na mkiamua, fikirieni ubia kuliko kuuza moja kwa moja, ila mkataba usomwe na wakili wenu, sio wakili wa mwenye hela, na muulize ramani imechorwa na nani, kibali cha ujenzi kiko wapi, na majirani wawili wa kushoto na kulia wamejenga nini chini ya ardhi. Wakikujibu kwa kukwepa kwepa, ondokeni.

Afu kuna bibi mwenyewe. Mi nakuomba kabla ya chochote mchukue bibi Jumapili asubuhi, mapema, kabla machinga hawajapanga, Kariakoo inakuwa na utulivu wa saa moja hivi na unaweza kuiona. Anzeni Mnazi Mmoja mvuke Lumumba, mwingie ndani taratibu, umwache yeye aongoze. Muulize nyumba za upande wenu na za upande wa pili, kila moja ilikuwa ya nani, andika hata jina moja tu la mama mwenye nyumba. Muulize nani alizaliwa chumba gani. Muulize mti wa uani ulikuwa mti gani na nani aliupanda. Rekodi kwenye simu, usimkatishe hata akirudiarudia.

Mkifika nyumbani kwenu pima. Huhitaji mtaalamu, futi ya fundi inatosha: upana wa mbele, urefu wa ukumbi, kila chumba, kina cha baraza, ua. Piga picha mlango wa mbele, komeo, madirisha, kizingiti cha uani. Kama mlango ni wa mbao za zamani, kwenye makubaliano andikeni kwamba mlango ni wenu, wavunjaji huwa wanautupa au wanauza kuni. Nina milango miwili ya namna hiyo nimeiegesha stoo kwangu, wenyewe walikuja kuiulizia baada ya miaka.

Ukimaliza nitumie vipimo, nitakuchorea ramani ya nyumba kwa mkono, bure, uiweke kwenye fremu umpe bibi. Kwenye kila chumba utaandika jina la aliyekaa, na yeye ndo atakwambia majina.